Kurt Warner hakutoka dukani moja kwa moja

Miaka nenda rudi tunasimuliwa kwamba Kurt Warner, mrusha pasi mkuu (quarterback), alitoka kupanga bidhaa dukani Iowa, Marekani, akaenda moja kwa moja kutwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani. Sivyo. Ni kweli, mwaka 1994 hakuna timu ya ligi kuu, NFL, iliyomchagua, Green Bay Packers wakamjaribu kisha wakamwacha, akawa anapanga rafu usiku kwa dola 5.50 kwa saa. Lakini baada ya hapo alicheza misimu mitatu ya futiboli ya ukumbini (arena football) na timu ya Iowa Barnstormers: uwanja nusu, kuta pembeni, mpira lazima uutoe mkononi upesi. Hapo ndipo alipoiva, naamini. Kisha akachezea timu ya Amsterdam, Ulaya, 1998. St. Louis Rams, timu ya NFL, walimweka akiba hadi mrusha pasi wao wa kwanza, Trent Green, alipoumia goti Agosti 1999. Msimu huo Warner alirusha pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga.