Tarakimu Nne za Mwanzo: Kufungwa kwa Vituo vya Hundi Kulivyobadilisha Kanuni CC

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika idara ya uzingatiaji wa sheria ya benki moja ndogo nchini Marekani, na jambo lililonila muda mwingi kuliko mikopo na utakatishaji wa fedha lilikuwa tarakimu nne. Ni zile nne za mwanzo katika namba ya benki yenye tarakimu tisa, inayochapwa kwa wino wa sumaku chini ya kila hundi. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2010, tarakimu hizo ndizo zilizoamua kama mwenye hundi atasubiri siku mbili au siku tano kabla ya kuitumia fedha yake.

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuharakisha upatikanaji wa fedha zilizowekwa benki, kwa kuwa wateja walikuwa wamelalamika sana kwamba hundi zao zinashikiliwa muda mrefu bila sababu ya kueleweka. Federal Reserve, yaani benki kuu ya nchi hiyo, iliitekeleza sheria hiyo kwa Kanuni CC, iliyoanza kutumika Septemba 1, 1988. Kwa ratiba yake ya kudumu, iliyoanza Septemba 1, 1990, hundi ya kawaida ikawa ama ya ndani ya eneo, ambayo fedha yake ilipaswa kutolewa si zaidi ya siku ya pili ya kazi baada ya kuwekwa, ama ya nje ya eneo, ambayo benki iliruhusiwa kuishikilia hadi siku ya tano. Neno eneo hapa halikuwa na maana ya jimbo wala mji. Lilikuwa na maana ya sehemu ya nchi inayohudumiwa na kituo kimoja cha Federal Reserve cha kuchambua hundi, na orodha ya tarakimu nne za kila kituo ilichapishwa katika Kiambatisho A cha kanuni hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Haki ya mteja ilifungwa kwenye ramani ya vyumba vya mashine, na ramani hiyo haikuchorwa na Bunge. Ilichorwa na mameneja wa uendeshaji waliokuwa wakitazama gharama.

Mwaka 2003 vituo hivyo vilikuwa 45. Sheria ya mwaka 1980 inaitaka Federal Reserve irudishe gharama za huduma inazoziuzia benki, na hundi zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka huku watu wakihamia kwenye kadi na malipo ya kielektroniki. Kulikuwa pia na funzo la Septemba 2001, pale ndege zilipozuiwa kuruka, hundi za karatasi zikakwama viwanjani, na fedha ambazo Federal Reserve ilikuwa imezilipa benki kabla ya kuzikusanya zikapanda hadi takriban dola bilioni 47. Sheria iitwayo Check 21, iliyotiwa saini Oktoba 28, 2003 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye, ikaruhusu picha ya hundi isafiri badala ya karatasi. Vituo vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Chukua mfano wa Milwaukee, ambayo kazi yake ilihamishiwa Chicago katika awamu za mwanzo. Hundi ya benki ya Milwaukee, yenye namba inayoanza na 0750, ikiwekwa Chicago siku ya Jumatatu, kabla ya hapo ilikuwa ya nje ya eneo, na ukiacha dola 100 za kwanza zilizotolewa Jumanne, benki iliweza kuishikilia hadi Jumatatu iliyofuata. Baada ya kuunganishwa, hundi ileile, ya benki ileile, ikawa ya ndani, na mwisho wa kusubiri ukawa Jumatano. Hakuna kifungu cha sheria kilichojadiliwa upya. Tarakimu zilihamishwa tu kutoka mstari mmoja wa Kiambatisho A kwenda mwingine.

Kwa kila awamu Bodi ya Federal Reserve ilitoa marekebisho ya mwisho bila kukusanya maoni ya umma, ikieleza kwamba ni ya kiufundi na kwamba yanalazimishwa na tafsiri ya eneo iliyomo ndani ya sheria yenyewe. Kisheria naona walikuwa sahihi, na walijitahidi kutangaza angalau siku 60 kabla ili benki zipate kurekebisha programu zao. Ninachokitilia shaka ni upande wa mteja. Kanuni inataka mteja aarifiwe siku 30 kabla ya mabadiliko, isipokuwa mabadiliko yanayoharakisha fedha, ambayo yanaweza kuarifiwa hadi siku 30 baadaye. Kwa mtu anayepanga kodi ya nyumba, habari njema iliyochelewa mwezi mzima haimsaidii kitu mwezi huo.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Katika benki tuliyofanyia kazi, programu ilirekebishwa kwa wakati, lakini kikadi cha plastiki kilichobandikwa kando ya droo ya karani, chenye orodha ya tarakimu nne, kilibaki cha zamani. Mama mmoja wa Kiswahili, mfanya usafi wa maofisi, aliambiwa asubiri hadi Jumatatu. Alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, “Mwanangu, mbona mashine inaniambia fedha ipo na yule binti ananiambia haipo?” Mashine ndiyo iliyokuwa sahihi. Jioni hiyo nilizunguka kaunta zote nikavibandua vikadi kwa mkono wangu.

Benki nazo zilikuwa na hofu ya haki. Kituo kilipohamia mbali, karatasi ya hundi iliyokataliwa iliweza kuchukua muda mrefu zaidi kurudi, ilhali muda wa kutoa fedha ulikuwa umefupishwa, hivyo benki iliweza kumpa mteja fedha kabla ya kujua kwamba hundi imekataliwa. Check 21 haikuilazimisha benki yoyote kutuma picha; iliilazimisha tu ipokee hundi mbadala iliyochapwa kutokana na picha. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo hatari hiyo iliziangukia zaidi benki ndogo, hadi pale ubadilishanaji wa picha ulipoenea.

Februari 27, 2010 Cleveland ilibaki kituo pekee cha hundi za karatasi, huku kazi ya hundi za kielektroniki ikielekezwa Atlanta. Nchi nzima ikawa eneo moja. Hundi ya Miami iliyowekwa Seattle ikawa ya ndani, na kundi la hundi za nje ya eneo likabaki bila hundi hata moja, ingawa maneno yake yaliendelea kusomeka katika kanuni kwa miaka. Tangu siku hiyo, benki inayotaka kuishikilia hundi ya kawaida kupita siku ya pili ya kazi hulazimika kutumia vighairi vya kanuni, kama vile akaunti mpya, kiasi kikubwa, au shaka ya msingi kwamba hundi haitalipwa. Umbali wa benki iliyotoa hundi haumo tena katika sababu hizo.