Kambi ya familia kwa gari dogo: tunayoambiana Tanga na yalivyo kweli

Likizo ya Juni ikikaribia, familia za Tanga huanza kuulizana: mwaka huu Pangani au Lushoto, Amani au Saadani? Na pamoja na maswali huja ushauri, wa jirani, wa shemeji, wa kundi la simu. Baadhi ya ushauri huo ni mzuri. Baadhi ni wa hatari, nao unazidi kusambaa kwa kuwa aliyeufuata mara ya mwisho alirudi salama. Dhana ninazozijibu hapa sikuzipa nafasi sawa, maana hazilingani uzito: ipo inayoharibu mapumziko ya siku mbili, na ipo inayoua watoto usingizini.

"Kulala nje ni mambo ya wageni."

Wavuvi wa pwani hii wanakwenda dago tangu enzi za mababu. Upepo ukigeuka na samaki wakihama, nao huhama: hupakia chomboni sufuria, maji, unga, mikeka na nyavu, wakapiga kambi kwenye ufukwe wa mbali au kisiwani, na huko hukaa siku kadhaa au majuma. Hakuna anayebeba kisichotumika, kwa sababu nafasi ya chombo ni ya samaki. Mwenye gari dogo anayetaka kujifunza kupakia ana walimu hapa hapa mjini.

"Gari dogo halitoshi familia."

Noah ikitolewa siti ya nyuma kabisa, watu watano bado wana siti na mikanda yao, na nyuma panabaki nafasi ya kutosha kwa safari ya siku tatu. Usiku baba, mama na mdogo hulala ndani, wakubwa wawili hulala kwenye hema pembeni. Gari hujaa mapema kwa sababu tunabeba nyumba nzima: sufuria sita wakati mbili zinatosha, viti vya plastiki wakati mkeka upo, na nguo za wiki mbili.

Jukwaa la mbao nyuma ndilo linalobadilisha kila kitu. Seremala yeyote wa mtaani analiweza, ila pimeni kwanza. Mrefu wa nyumbani akae juu ya godoro ndani ya gari kabla miguu ya jukwaa haijakatwa, kwani jukwaa linaloweza kuingiza ndoo kubwa chini yake na kukunyima nafasi ya kuinua shingo ni mateso. Chini ya jukwaa weka ndoo zenye vifuniko: moja ya vyombo, moja ya vyakula vikavu, moja ndogo ya dawa, tochi, viberiti na kisu. Ndoo ina faida ambayo begi haina, haipitishi maji, mchwa wala panya, na ikishatolewa inakuwa kiti. Kila mtoto apewe begi moja la ukubwa ule ule, naye alipakie mwenyewe.

Halafu mpangilio ufuate saa za matumizi. Kitakachohitajika kwanza mkifika kiingie garini mwisho. Kwa kawaida ni turubai, kamba, maji na mkeka, maana mvua ya Usambara haisubiri mshushe magodoro. Kipimo changu cha gari lililopangwa vizuri ni hiki: mtoto wa miaka 10 aweze kuleta chumvi gizani bila kushusha kitu kingine chochote. Akishindwa, pangeni upya kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwa kamba, mkoa huu ni wa katani na katani inafaa, ila ijulikane tabia yake. Ikilowa hujikaza. Kamba ya hema iliyovutwa sana jioni, umande ukiinyeshea, inaweza kung'oa vigingi au kuchana turubai, kwa hiyo ilegezwe kidogo kabla ya kulala.

"Mzigo ukizidi, pandisha juu ya keria."

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, na ukiyaweka juu ya gari lililo refu na jembamba, umelifanya liyumbe kila kona. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ni kona tupu, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Vizito vikae chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, vikiwa vimefungwa. Juu ya keria paende vyepesi tu: godoro la sponji, mikeka, hema. Upepo wa matairi nao upimwe kwa mzigo mliobeba. Magari mengi yana kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachoonyesha kiwango chake.

Na lile jukwaa zuri ni la kulalia gari likiwa limesimama. Watoto kujinyoosha pale gari likitembea, eti wapumzike, ni kuwaacha bila mkanda. Breki moja ya ghafla na wanaruka hadi kioo cha mbele.

"Tanga ni joto, mablanketi ya nini?"

Tanga mjini, ndiyo. Lakini kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6 hivi, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku ambao Chumbageni watu wanalala na feni, Lushoto wanajifunika mablanketi mawili, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake mikali. Familia nyingi hubeba blanketi za kujifunika zikasahau za kutandika, na baridi ya ardhini huchukua joto la mwili kuliko hewa. Chini ya mtoto pawe na godoro au blanketi lililokunjwa mara mbili.

Baridi hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye kosa baya kuliko yote.

"Mkaa ukishakolea hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara."

Hii naomba isomwe polepole, na asomewe asiyejua kusoma.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi ule wa mwanzo unaotutoa machozi angalau unatufukuza. Mkaa ukiwa mwekundu na safi, tunaokaribia kuuita salama, ndiyo kwanza gesi inaendelea kutoka bila dalili yoyote. Mtu akiivuta, inashikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi hewa tena. Aliyelala haamki.

Gari ni chumba kidogo sana. Hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo pia. Jiko la mkaa lililoingizwa kwa "dakika tano tu za kupasha moto" hujaza chumba kama hicho gesi ya kutosha kuua familia nzima. Kuna wanaosema, "Tutaacha dirisha wazi kidogo." Mwanya wa vidole viwili hautoshi. Kuna wanaosema, "Tutalizima kabla ya kulala." Mkaa uliofunikwa majivu bado unawaka ndani na bado unatoa gesi. Hata kulitunza jiko ndani ya buti usiku ili lisinyeshewe, likiwa na majivu ya moto, ni hatari ile ile.

Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Mzazi hudhani ni uchovu wa safari au chakula. Ishara ya kushtua ni watu wawili watatu waliomo ndani kuugua pamoja, na nafuu kuja wakitoka nje. Watoto huathirika mapema kwa sababu wanapumua haraka kuliko sisi. Ikitokea, toeni wote nje kwenye hewa safi papo hapo, jiko liachwe hapo hapo hadi watu watoke, kisha hospitali bila kusubiri kupambazuke, hata kama wanasema wamepata nafuu.

Jiko likae nje, mbali na mlango wa gari na wa hema, upepo ukipeleka hewa yake kwingine. Mvua ikinyesha, tandazeni turubai juu kama banda lililo wazi pande zote na mpikie hapo. Mvua ikizidi, kuleni mkate na ndizi. Hakuna chai inayostahili kuchemshiwa ndani ya gari.

Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6 una hatari yake nyingine. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi juu na kutoka dirishani, inashuka sakafuni na kutulia hapo, mahali mtoto anapolala. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio kabla ya safari mwone kama linatoa mapovu, msafirishe mtungi ukiwa wima na umefungwa, na usiku mtungi ukae nje.

"Mchanga ni mkavu, tupige hema hapa."

Tuseme mmefika ufukwe wa Ushongo, Pangani, saa kumi na mbili jioni, mwezi mpevu unachomoza, mchanga mweupe umenyooka hadi majini. Mnapiga hema karibu na bahari ili watoto wafurahi. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na kwenye pwani hii siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, kisha tena karibu na saa kumi alfajiri. Mlipofika yalikuwa yanapwa. Yatarudi mkiwa usingizini, na tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Mwezi mwandamo ni vivyo hivyo, ila giza huyaficha maji. Maji mafu, yaani siku za katikati ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, ndiyo yenye huruma.

Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa ya jana haiwafai leo. Tafuteni mstari wa juu kabisa wa mwani uliokauka, vijiti na takataka. Hapo ndipo bahari ilipofika mara ya mwisho ilipojaa sana. Hema na gari vikae juu ya mstari huo kwa umbali wa kutosha, na mmuulize mvuvi. Atawajibu bila kuangalia simu.

Anayedhani bahari haina nguvu hiyo aangalie Kisiwa cha Maziwe, mkabala na Ushongo. Kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa, na wageni hupelekwa wakati wa kupwa.

Ufukwe wenyewe ni wa umma, lakini si sababu ya kutua kimyakimya. Pitieni ofisi ya kijiji, mpige hodi, mjitambulishe kwa mwenyekiti. Wenyeji wakijua ninyi ni nani, usalama wenu unakuwa shughuli yao.

"Wali wa jana ukipashwa moto vizuri hauna tatizo."

Ndani ya mchele kuna mbegu za bakteria zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi kwenye joto la pwani, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kupashia. Kwa hiyo wali uliokaa garini ndani ya chombo cha plastiki tangu asubuhi hausafishwi na jiko la jioni. Pikeni kinacholika kikaisha. Kwa safari, mihogo, viazi vitamu, mayai ya kuchemshwa usiyomenya, ndizi na dagaa wakavu vinavumilia kuliko wali wa nazi. Barafu nayo, mkibeba, iwe bonge moja kubwa. Bonge huyeyuka polepole kuliko vipande.

"Upepo wa bahari unafukuza mbu," na nyingine fupi

Upepo hutulia usiku, na mbu wa malaria anauma usiku. Chandarua kiende hata ufukweni, na vipande vya chandarua vifungwe kwenye madirisha ya gari ili hewa ipite. Homa inaweza kuja wiki moja hadi mwezi baada ya kurudi, nayo ikapimwe.

Betri ya gari imetengenezwa kwa kuwasha injini. Ikiachwa iwashe taa na kuchaji simu usiku kucha, asubuhi mtasukuma gari, na ikirudiwa rudiwa betri inakufa. Taa ndogo ya sola inatosha.

Saadani si ufukwe wa kawaida. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ina simba na tembo, na Mto Wami una viboko na mamba. Hema hupigwa mahali palipotengwa tu, kwa kulipia, na chakula hakilali hemani, maana nyani na tumbili wanajua zipu. Wakati wa masika udongo wake mweusi hunasa hata magari makubwa, sembuse Noah.

"Makaa fukia mchangani, yatazimika."

Mchanga huyahifadhia joto. Makaa yaliyofukiwa usiku yanaweza kuchoma unyayo wa mtoto anayekimbilia majini asubuhi, naye hakuona chochote, kwa kuwa juu ni mchanga kama mwingine. Anaweza kuwa mtoto wenu au wa familia itakayokuja baada yenu. Mwagieni maji, mkoroge kwa kijiti, mwagieni tena hadi hakuna sauti ya shii, kisha sogezeni mgongo wa mkono karibu. Yakiwa baridi kabisa, yazoeni kwenye debe la bati mrudi nayo nyumbani. Mkaa uliozimwa ukianikwa unaweza kutumika tena.