Daktari ana "athari ya 22": kwani amemdhuru nani?

Jumamosi tulikuwa South B kumpongeza binamu yangu, mtafiti wa saratani. Mshereheshaji akainua karatasi na kutangaza kwamba daktari wetu "ana athari ya 22 duniani". Makofi yakapigwa. Shangazi, sahani ya pilau mapajani, akaninong'oneza: "Ishirini na mbili? Kwani amewadhuru wangapi?"

Nimelisikia kosa hilo mara nyingi mno, na safari hii limenishinda kunyamazia.

Kilichoandikwa kwenye karatasi ni fahirisi ya h, kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na watafiti wengine, iliyopendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye h ya 22 ana makala 22 ambazo kila moja imenukuliwa mara 22 au zaidi. Ukiwa na makala tano zilizonukuliwa mara 50, 12, 6, 4 na 1, h yako ni 4. Hiyo ya kwanza hata ikifika mara 5,000, h ni 4 vilevile. Ndiyo hiyo tu.

Neno fahirisi halinisumbui. Lilitoka kwa Waajemi likapitia Kiarabu, na maana yake ni orodha. Na h huhesabiwa kwa orodha kweli, toka makala inayonukuliwa sana kushuka chini. Tatizo ni athari. Kwa Mwarabu, athari ni alama anayoiacha mpita njia, kama unyayo mchangani. Sisi tulipolichukua tukalielekeza zaidi kwenye madhara: athari za ukame, athari za pombe, waathiriwa wa mafuriko Mathare. Kwa hiyo Shangazi alisikia sawasawa, aliyekosea ni msemaji. Ningependekeza "mchango", lakini ukilitamka Nairobi watu wataanza kushika mifuko.

Halafu kuna wanaochanganya h na kipimo cha jarida, ile impakti fakta iliyoasisiwa na Eugene Garfield. Hicho ni cha jarida, si cha mtu: wastani wa mara ambazo makala zake za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa katika mwaka mmoja. Kupanda gari la kifahari hakukufanyi mwenye gari. Jarida moja la Marekani la saratani, CA, lina kipimo cha mamia, na sababu kubwa ni kwamba huchapisha hesabu za wagonjwa na vifo, na karibu kila anayeandika juu ya saratani huanza kwa kuzinukuu hesabu hizo katika sentensi ya kwanza. Hata kunukuliwa kwenyewe ni kutajwa tu. Anayekukosoa naye amekunukuu.

Sasa mtazame Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu uvimbe wa saratani wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, ambaye mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza virusi walivyovikuta katika seli za uvimbe huo. Katikati ya hayo Burkitt na wenzake wawili walizunguka hospitali kwa gari kuukuu, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza uvimbe huo unaonekana wapi na wapi hauonekani. Katika fahirisi, makala ile ya 1958, hata inukuliwe vipi, haiwezi kumwongezea zaidi ya moja. Safari ile haimwongezei kitu. Wala chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wa miaka 10 hapa Kenya walianza kupewa mwaka 2019, haihesabiwi popote katika h ya mtu.

Mshereheshaji alipokuja kula mezani kwetu nilimwambia taratibu: "Siku nyingine sema makala zake 22 zimenukuliwa angalau mara 22 kila moja. Athari iache." Akaandika kwenye simu, kisha akauliza, "Sasa hizo ni nyingi ama ni chache?"

Nikamwambia amlinganishe na mtafiti wa saratani wa rika lake, si na mwalimu wa hisabati, kwa sababu watu wa hisabati hunukuliana kwa uchache. Na aseme hesabu imetoka wapi, maana Google Scholar na Scopus, tovuti mbili zinazohesabu nukuu, mara nyingi hazikubaliani.