Ukishiba, damu haiondoki kichwani

Saa nane mchana, Feri ya Mtwara. Fundi boti amemaliza sahani ya ugali wa muhogo na changu wa nazi, kofia imeshamfunika macho. "Damu yote imeshuka tumboni," anasema, na wenzake wanaitikia. Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni: ukishiba, damu hutoka kichwani kwenda tumboni, ndipo usingizi unakuja.

Ni kweli utumbo hupata damu zaidi baada ya mlo. Ila haiibiwi ubongoni. Moyo husukuma damu nyingi zaidi kidogo, na mishipa ya ubongo hujirekebisha yenyewe ili mgao wake usitetereke. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati. Kiungo cha namna hiyo hakiachwi kikauke kwa ajili ya ugali.

Usingizi una njia nyingine. Utumbo hutoa homoni za shibe. Majaribio ya panya pia yameonyesha kuwa seli za ubongo zinazotoa oreksini, kemikali inayotuweka macho, hupoa sukari inapopanda na huchangamka wakati wa njaa. Tena saa ya mwili yenyewe hulegea mchana: waliofunga Ramadhani nao husinzia saa nane hiyohiyo, tumbo tupu.