Digrii ya Pili ya Kupima Mkojo

Jumamosi tulikuwa Makorora kwenye shughuli, wanawake tumekaa mkekani tunachambua mchele. Wifi yangu akanitambulisha kwa mgeni wake: "Huyu ndiye aliyekwenda kusoma miaka miwili mingine ili apime mkojo." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana mchele wa harusi hauchambuliwi kwa ugomvi. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Jumanne daktari mmoja kijana aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama sasa nimemaliza uzamili wa maabara nina mpango wa kuhamia udaktari. Alhamisi mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo akaniangalia nikirudia sampuli moja kwa mara ya pili, akasema, "Lakini dada, si mashine inafanya yenyewe?"

Wifi nimemsamehe. Nyie wengine hebu tukae.

Ngazi zetu nazipitia mbio: cheti, stashahada, digrii ya kwanza, uzamili, uzamivu. (Uzamivu una balaa lake hapa Tanga. Mji wa bandari huu, ukisema unataka kuzamia, mama yako anakwenda kukutafuta gatini.) Usajili wa Baraza la taaluma yetu, ruhusa ya mwajiri, ada na mkopo, hayo kila mtu ana hadithi yake na yangu haina jipya. Ninalotaka kusema ni hili: mpaka digrii ya kwanza nilifundishwa kutoa jibu. Uzamili ulinifundisha kulitilia shaka jibu nililolitoa kwa mkono wangu, baada ya kontroli zote (sampuli tunazojua jibu lake, za kuikagua mashine) kukubali. Hilo mashine haina.

Mchana mmoja, hospitali ambayo si ya leo, mashine ikanitolea potasiamu 9.8 na kalsiamu 0.6. Kwa wasio wa maabara: potasiamu ya mtu mzima huishia kwenye 5 na ushei, na kalsiamu hukaa juu ya 2. Kontroli za asubuhi zimekaa vizuri ndani ya mistari. Nikarudia, ikatoka vilevile. Nikavua glovu, nikatoka nje kumtafuta mwenye damu. Nilimkuta kwenye benchi, gamba la chungwa linaning'inia kisuni kama utepe, simu kaibana begani anagombana na mtu juu ya bei ya mbao. Potasiamu 9.8 na chungwa la Muheza havikai pamoja. Mtu wa namba ile, moyo wake ungekuwa umeshavurugika.

Kilichotokea: chupa ya kifuniko chekundu ilionekana haijafika kipimo, mkono wa huruma ukaiongezea damu kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau. Chupa ya zambarau ina EDTA, tena EDTA yenyewe imetiwa kama chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Kwa hiyo potasiamu inapaa, kalsiamu inazama. Mashine haikukosea hata kidogo, ilipima ilichopewa. Angekuwepo mtu wa kubonyeza tu, majibu yangekwenda wodini yakiwa na nyota mbili nyekundu pembeni, na mwenye mbao angeanza kutobolewa sindano za kushusha potasiamu.

Najua, hiyo ni rahisi. Mwenye stashahada aliyefundishwa vizuri anaikamata bila kuvua glovu. Inayonikera ni dada yake, ambayo haipigi kelele. Zahanati ya mbali, tuseme upande wa Pangani, inatoa damu jioni. Gari ni kesho. Muuguzi mwangalifu anaiweka chupa nzima, haijazungushwa kwenye sentrifuji kutenganisha chembe na majimaji, ndani ya friji, kwa sababu sote tulikaririshwa kwamba sampuli hukaa kwenye baridi. Sasa chembe nyekundu ina pampu kwenye utando wake inayofanya kazi usiku na mchana kuvuta potasiamu ndani na kutoa sodiamu nje. Baridi inailaza ile pampu. Potasiamu inavuja taratibu usiku kucha. Asubuhi unaizungusha, seramu, yaani yale majimaji ya damu, inatoka safi, ya manjano, haina wekundu wowote. Chembe hazikupasuka, kwa hiyo kile kipengele cha mashine kinachokagua damu iliyopasuka hakioni kitu. Potasiamu 6.9. Kalsiamu ya kawaida. Kila kitu kinapendeza, na jibu ni la uongo.

Dawa yake si kuiacha mezani pia, maana kwa joto letu hili la Machi chembe zinakula sukari ndani ya chupa. Kwa wastani sukari hupungua asilimia 5 hadi 7 kwa saa ukiiacha damu bila kuitenganisha, na mwenye kisukari anaonekana amepona njiani. Chupa moja, maswali mawili: la sukari linataka baridi, la potasiamu linaikataa. Tenganisha kwanza, ndipo upoze. Ni sentensi ya maneno machache, lakini kuielewa kwa nini kulinichukua nusu muhula na mwalimu mmoja mwenye hasira.

Sasa tuje kwenye lile linalonitoa usingizini: imani kwamba kipimo ni kipimo, ugonjwa upo au haupo.

Chukua kipimo kizuri, kizuri kuliko vingi tulivyonavyo. Kati ya wagonjwa 100 kinawakamata 99. Kati ya wazima 100 kinawaacha salama 98. Kimekutoa chanya. Una ugonjwa kwa kiasi gani? Mtaani watakwambia asilimia 98 au 99. Madaktari pia, nimewauliza. Haya, kipeleke mahali ambapo mtu 1 tu kati ya 100 anaumwa. Pima watu 10,000. Wagonjwa ni 100, kinawakamata 99. Wazima ni 9,900, na wale wawili wa kila mia wanaosingiziwa wanafika 198. Waliotoka chanya jumla yao 297, wenye ugonjwa wa kweli 99. Theluthi! Wawili katika kila watatu wanakwenda nyumbani na ugonjwa wa karatasi. Chukua boksi lilelile, namba ileile ya toleo, kapime wodini ambako 40 kati ya 100 wanaumwa: chanya 4,080, wa kweli 3,960, yaani 97 kwa mia. Kipimo hakikugeuka. Waliogeuka ni waliopimwa.

Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza kwa kalamu yangu nilikuwa na miaka tisa kazini. Miaka tisa natoa majibu.

Ndiyo maana nikisikia Widali, kile kipimo cha taifodi, tumbo linanisokota. Kipimo cha mwaka 1896, hakikamati bakteria wa taifodi, kinatafuta kingamwili zinazogandana na vijenzi vyake, O na H. Kingamwili hizo unaweza kuwa nazo kwa maambukizi ya miaka ya nyuma, kwa chanjo, au kwa binamu wengine wa ukoo huohuo wa salmonela. Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifanyika hapo Muheza, kwa watoto waliolazwa, Widali ikilinganishwa na kuotesha damu, yaani kuilea damu maabara mpaka bakteria aliyemo akue aonekane. Kwa wasiokuwa na taifodi kipimo kilikuwa sahihi mara 98 kwa mia, namba ambayo muuza vitendanishi angeibandika kwenye kalenda. Lakini kati ya waliotoka chanya, karibu robo tu ndio walioota bakteria. Kwa nini? Rudi kwenye hesabu ya hapo juu. Taifodi ilikuwa chache kati ya watoto wale.

Kuotesha damu nako si msahafu. Kunawakosa wengi, hasa waliokwisha kumeza antibiotiki za dukani, na kwetu nani hajameza? Kwa hiyo tunakipima kipimo legelege kwa rula ambayo nayo imepinda. Vitabu hili vinalipitisha kwenye tanbihi.

Wadudu wa malaria sasa. "Nimepimwa nina wadudu watatu." Hii inanichekesha na kunikera kwa pamoja. Mdudu wa kwanza kakaa wapi, wa pili wapi? Hao watatu tumewaona kwenye tone la damu chini ya darubini, tukihesabu mpaka chembe nyeupe 200. Tunachukulia kwamba una chembe nyeupe 8,000 katika kila maikrolita, tunazidisha, wanakuwa 120 kwa maikrolita. Una lita kama 5 za damu, na lita moja ina maikrolita milioni. Wadudu wako watatu ni milioni 600, mpendwa. Na hata hivyo, ukiwa mtu mzima uliyekulia kijijini penye malaria nyingi, unaweza kutembea nao bila kuugua, na homa yako ya leo ikawa ya kitu kingine kabisa.

Halafu ile 8,000. Nilidhani imepimwa mahali, kumbe ni makubaliano. Wengi wetu wenye asili ya Afrika huzaliwa na nyutrofili, aina moja ya chembe nyeupe, chache kuliko vitabu vinavyotaka, wala si ugonjwa. Inaendana na kukosa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, kukosa kulekule kunakomzuia Plasmodium vivax, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, kuingia kirahisi. Mtu wa chembe nyeupe 4,000 tukimhesabia kwa 8,000 tumemzidishia vimelea mara mbili. Nimesaini majibu ya namna hiyo kwa miaka, na bado nasaini, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo na si kila slaidi inakuja na hesabu yake ya chembe nyeupe. Sijui nimebadilisha matibabu ya nani kwa hilo. Pengine hakuna. Pengine yupo.

Kuna na "kawaida". Safu ile ya kulia kwenye karatasi ya majibu, mara nyingi imetoka kwenye kijitabu cha mtengeneza mashine, imepimwa kwa watu wa mbali. Tena kwa jinsi inavyotengenezwa, inawaacha nje watu 5 kati ya kila 100 wazima wa afya. Ukimpima mzima vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mistari ni asilimia 64. Ndiyo, nawaambia nyie wa "nifanyieni yote, nataka kujua mwili wangu". Mtajua, na mtatibiwa kwa mlichokijua.

Niseme na ya upande wangu, isije ikaonekana nauza shule. Kuna mzee tunafanya naye kazi, ana stashahada tu, anasoma slaidi kuliko mimi na atanizidi mpaka astaafu. Anaisogeza kwa vidole viwili, hanywi chai mpaka zimalizike, na akisema "hapa pana kitu" mimi hurudi kuangalia. Uzamili haukunipa jicho lake. Nilijifunza PCR, kipimo cha kusaka vinasaba vya kimelea, kwa shangwe, nikarudi kwenye maabara ambayo mwezi huo ilikuwa imeishiwa hata vijiti vya kupimia mkojo, kwa hiyo wifi hakuwa mbali sana na ukweli. Na tasnifu yangu? Sampuli zilikuwa chache kuliko nilivyopanga, tofauti niliyoitafuta haikuonekana vizuri, nikaandika mwishoni kwamba tafiti zaidi zinahitajika kwa sababu saa nane ya usiku sikuwa na sentensi nyingine. Ipo kwenye rafu ya maktaba. Sijawahi kusikia aliyeifungua.

Yule mwanafunzi wa Alhamisi nilimjibu, baada ya kumaliza kurudia sampuli yangu. Nilimpa karatasi mbili za majibu, zote nilizitunza kwa ajili ya mafunzo, majina yamefutwa: ile ya mwenye chungwa na ile ya friji. Nikamwambia anioneshe iliyo ya uongo. Ya kwanza aliikamata kabla sijakaa. Ya pili aliisoma juu chini, akaigeuza, akasema hii ni sawa, mgonjwa atibiwe. Nikamuuliza damu ilitoka saa ngapi na ilifika saa ngapi. Akaangalia tena karatasi. Ile sehemu ya saa ilikuwa imeachwa wazi, kama kawaida yetu.

Jumatatu usiku wifi kanipigia simu, sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa. Kapimwa Widali, ana taifodi, jibu moja kwa mia na sitini, kaandikiwa sindano za siku tano. Nikamuuliza homa ilianza lini.

"Homa sina," akasema. "Nilichoka tu na ile harusi, nikaona nipitie nipime."