"Hiyo themostati itoe tu": dhana potofu za gereji kuhusu joto la injini

"Themostati ni ya nchi za baridi. Huku kwetu itolewe." Nimeisikia kauli hii Dar es Salaam, nimeisikia Morogoro, na gari langu la kwanza nililinunua likiwa limeshatolewa themostati. Fundi aliyekitoa kifaa hicho hakuwa na nia mbaya. Aliona gari linachemsha, akaona kuna kitu kimeziba njia ya maji, akakiondoa. Ingekuwa bomba la shambani angekuwa amepatia.

Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, vali imefunga na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake. Joto likifika kiasi kilichogongwa kwenye chuma chake, mara nyingi nyuzi 82 au 88, nta inayeyuka na kutanuka, inasukuma vali, maji yanakwenda kupozwa kwenye rejeta. Injini imeundwa ifanye kazi karibu na nyuzi 90. Mchana wa Dar wenye nyuzi 33 bado ni baridi kubwa kwake.

Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto. Kompyuta ya gari inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, unyevu haukauki, vyuma vinalika. Wenye gari la otomatiki wanaweza kuona gia ya juu inachelewa kuingia. Mwenye gari analalamika kwamba linakunywa mafuta, anabadilishiwa plagi, halafu sensa, na hakuna anayeuliza habari za themostati.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kwenye injini nyingi themostati ina kazi ya pili: ikifungua njia ya rejeta, inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Utapita mjini vizuri tu. Siku utakayopanda mlima Kitonga na mzigo, mshale wa joto utapanda pamoja nawe.

Kama unashuku themostati imekufa, ipime nyumbani. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, uchemshe. Inapaswa kuanza kufunguka kwenye joto lililoandikwa, na ukiitoa kwenye maji ijifunge yenyewe. Ikikataa, nunua nyingine. Ni miongoni mwa spea za bei nafuu kwenye gari. Sufuria hiyo isirudi kupikia chakula, na sababu yake inakuja hapa chini.

Ndugu yake themostati ni feni ya rejeta ya kuunganishwa "direct", ikawa inazunguka tangu unapowasha gari. Feni haikuharibika bure: ni swichi ya joto, relei au waya. Ukiiunganisha moja kwa moja umeuficha ugonjwa, na mota yake inachoka upesi kwa kufanya kazi hata ukiwa barabara kuu, ambako upepo wa mwendo unatosha.

"Kulanti ni mbwembwe, maji yanatosha"

Hapa niwatendee haki wanaosema hivi. Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Shida ni yale yanayoachwa nyuma. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi; humo ndani yanaacha magamba na kutu, vijia vya rejeta vinaziba, pampu ya maji inalika. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa, yale ya kujazia betri. Kama dumu limeandikwa kwamba imeshachanganywa, usiongeze maji.

Kwa watu wa Nairobi na Arusha hili lina uzito zaidi. Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha, na presha inashikwa na mfuniko wa rejeta. Mpira wa mfuniko ukipasuka, gari zima linaonekana bovu kumbe ni mfuniko. Ukibadilisha, chukua wenye namba ileile ya presha iliyo juu ya ule wa zamani, kwa mfano 0.9 au 1.1.

Rangi nayo inadanganya. Kijani ya kampuni hii si lazima iwe sawa na kijani ya kampuni ile, kwa hiyo fuata maandishi ya kwenye dumu na kitabu cha gari. Na tafadhali, usimwage kulanti uani. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Paka, mbwa na watoto wanaweza kuilamba.

"Likichemsha, fungua mfuniko umwagie maji"

Hili ndilo linalounguza watu nyuso na mikono. Ndani kuna maji yaliyopita nyuzi 100 ambayo presha pekee imeyazuia yasigeuke mvuke. Unapofungua, yote yanakurukia kwa pamoja. Na maji baridi yakigonga chuma cha moto, silinda hedi, kile kichwa cha injini, inaweza kupinda au kupasuka.

Mshale ukianza kupanda, zima AC na ufungulie hita hadi mwisho, vioo vikiwa chini. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo na inaiondolea injini joto halisi. Tafuta pa kuegesha, zima injini, subiri. Nusu saa mara nyingi haitoshi. Kipimo changu ni mpira wa juu wa rejeta: ukiubonyeza kwa kitambaa ukawa laini na hauunguzi, ndipo funika mfuniko kwa kitambaa kizito na uuzungushe taratibu.

Wala mshale usikupe amani kupita kiasi. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na inaweza kuonyesha joto la chini wakati injini inaungua. Gari lililokuwa linachemsha na mshale ukashuka ghafla pasipo sababu, simamisha.

Kuchemsha kunakojirudia baada ya hayo yote kunaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi. Ukiona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiwashwa (uifungue ikiwa baridi), au oili ya kwenye kijiti imekuwa rangi ya chai ya maziwa, acha kuendesha. Hiyo si kazi ya uani tena.

"Gari la zamani liwekee oili nzito"

Dhana hii ni binamu wa ile ya themostati. Injini nyingi ndogo za Toyota zenye VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, zinatakiwa oili nyepesi ya 5W-30. Mfumo huo unasukumwa na oili yenyewe kupitia vijia vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika asubuhi, wakati ambao injini inaihitaji zaidi. Kama gari linakula oili, tafuta inakopotelea. Na oili kuwa nyeusi si ushahidi kwamba ni mbovu. Kwenye dizeli inabadilika rangi mapema kwa sababu inabeba masizi. Hesabu kilomita.

"Safari ndefu, punguza upepo"

Hapana. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi, linazalisha joto zaidi, na ndilo linalopasuka. Jaza asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba zilizo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake.

Nirudi kwenye themostati. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Kesho asubuhi iangalie. Kama umeshaendesha dakika kumi na tano na bado inawaka, mwulize aliyekuuzia ni nani aliyeifungua injini hiyo na alitoa nini.