Noir ni nini, na hubadilika vipi mpelelezi akiwa mtu mweusi

Noir ni neno la Kifaransa. Hutamkwa "nwaa", na maana yake ni rangi nyeusi, basi. Lilishika kwenye vitabu mwaka 1945, Marcel Duhamel alipoanzisha mfululizo wa riwaya za uhalifu katika shirika la uchapishaji la Gallimard, Paris, akauita Série Noire. Vitabu vya mwanzo vilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza. Mwaka uliofuata wahakiki wa Kifaransa wakalitumia neno hilohilo kwa filamu za Kimarekani. Weusi uliokusudiwa ulikuwa wa hali, wala haukuhusu ngozi ya mtu: usiku, pombe, rushwa, na mtu anayeingia kwenye jambo akidhani ni dogo kumbe limemzidi kimo.

Msomaji wa Kiswahili ataiona tofauti upesi akimkumbuka Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla. Bwana Msa na kiko chake hupanga dalili moja moja, na fumbo likishafumbuliwa mambo hutulia. Katika noir kufumbua hakutulizi kitu. Muuaji anaweza kujulikana, na tajiri aliyemtuma akaendelea kulala usingizi wake. Mpelelezi naye hana akili za ajabu. Ni mtu aliyebanwa na madeni, akapokea kazi asiyoipenda kutoka kwa mteja anayemwambia nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayomwangukia kichwani. Pamoja na mteja huyo kuna mtu anayetafutwa, mara nyingi mwanamke. Kuna fedha zilizopotea, polisi wasioaminika, na jiji ambalo mitaa yake inatajwa kwa majina. Msimuliaji kwa kawaida ni mpelelezi mwenyewe.

Waandishi waliosifika kwa kuujenga mtindo huu Marekani walikuwa Wazungu, na kwao watu weusi walipita kama vivuli ukutani. Farewell, My Lovely ya Raymond Chandler (1940) inaanzia Central Avenue, mtaa wa Wamarekani Weusi wa Los Angeles. Mtu mweusi anauawa katika kurasa za mwanzo tu. Polisi aliyepewa kesi anaiona kero, na hadithi inahamia kwa matajiri wa Kizungu. Marehemu hana tena anayemuulizia. Walter Mosley, mzaliwa wa jiji hilo, alipochapisha Devil in a Blue Dress mwaka 1990, alimwacha msimuliaji abaki upande wa watu kama marehemu huyo.

Riwaya hiyo inatokea mwaka 1948, na mwaka huo haukuokotwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya ndege na karakana za meli za California vilihitaji watu, na Juni 1941 Rais Roosevelt alikuwa amepiga marufuku ubaguzi wa ajira katika viwanda vya vita. Familia zikamiminika kutoka Texas na Louisiana. Sensa ya 1940 ilihesabu watu weusi 63,774 jijini Los Angeles. Ya 1950 ikakuta takriban 171,000. Idadi imekaribia kuongezeka mara tatu, lakini mitaa waliyoruhusiwa kuishi haikupanuka kwa kiasi hicho, kwa sababu hati za nyumba nyingi zilikuwa na sharti kwamba asiuziwe wala asipangishwe asiye Mzungu. Mei 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kulazimisha masharti ya aina hiyo yatekelezwe. Mabenki na majirani hawakubadilika kwa kasi ya hukumu. Na vita vilipokwisha, mwajiri hakuhitaji tena kila mkono uliokuja.

Hapo ndipo tunamkuta Ezekiel Rawlins, wanayemwita Easy: mtu wa Houston, amepigana Ulaya, amefukuzwa kiwanda cha ndege, na ana nyumba ndogo ya mkopo ambayo asipolipa itachukuliwa. Anaipenda ile nyumba, na bustani yake, kuliko wapelelezi wengine wanavyopenda haki. Mpelelezi wa Chandler anaishi chumba cha kupanga na anaweza kuhama kesho; Easy akihama amepoteza kitu ambacho mtu mweusi wa kizazi chake hakukipata kirahisi. Ndiyo maana anapokea kazi. Ukiuruka ukurasa wa mkopo huo, mengine yote aliyoyafanya yataonekana ni ujinga.

Mteja anaitwa DeWitt Albright. Anaingia baa ya watu weusi iliyo juu ya ghala la wachinja nyama, amevaa suti ya kitani nyeupenyeupe na viatu vya rangi ya mfupa. Mosley amegeuza rangi za mtindo huu: hatari inaingia ikiwa nyeupe tangu kofia. Albright anamtafuta Daphne Monet, mwanamke wa Kizungu anayependa vilabu vya jazi vya watu weusi, ambamo yeye Albright akiingia mazungumzo yatakatika. Kwa hiyo anachonunua kwa Easy ni ruhusa ya kupita mlangoni. Kuhusu Daphne nitasema tu kwamba siri yake iko kwenye swali la rangi, na haiwezi kung'olewa humo ikapandwa kwenye riwaya nyingine.

Upelelezi wenyewe nao unabadilika. Easy hana leseni wala ofisi. Anakunywa na watu, anauliza habari za nyumbani Texas, anawaacha waseme. Anajua Kiingereza cha shule na Kiingereza cha kwao, na anachagua kwa kumtazama aliye mbele yake. Hata kusubiri mtu ni hatari: Albright anampa miadi kwenye gati la Santa Monica usiku, binti wa Kizungu anamsemesha, na papo hapo vijana wa Kizungu wanamzingira. Hajavunja sheria yoyote. Amesimama tu mahali ambapo watu kama yeye hawatakiwi kusimama. Polisi nao wanamkamata, wanampiga, kisha wanamwachia usiku wa manane arudi kwa miguu.

Kipande kinachoharibiwa zaidi na wanaoiga ni rafiki muuaji. Huyu ni Mouse, wa tangu Houston, anayeua bila kupepesa jicho. Waigaji humfanya kichekesho. Kazi yake ni nzito kuliko hiyo: mtu asiyeweza kuwaita polisi anahitaji ulinzi kutoka mahali fulani, na Mouse ndiye mahali hapo. Kila anapomwokoa Easy kuna maiti ambayo Easy atalazimika kuinyamazia. Kosa la pili ni kuufanya mwaka pambo, magari ya zamani na kofia, bila kueleza nani alikuwa na kazi na nani alinyimwa nyumba. La tatu ni polisi mmoja mwema anayekuja mwishoni kuyaweka sawa. Akishaingia huyo, noir imekwisha.

Mosley hakuwa wa kwanza. Chester Himes, aliyeanza kuandika akiwa gerezani Ohio na kuhamia Ufaransa mwaka 1953, aliombwa na Duhamel yuleyule wa Série Noire aandike za upelelezi. Akaunda askari kanzu wawili weusi wa Harlem, mtaa wa watu weusi New York: Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, na mwaka 1958 akapewa tuzo kubwa ya Ufaransa ya riwaya za uhalifu. Himes ana kicheko kikali na fujo. Mosley ni mtulivu zaidi, anahesabu senti.

Vitabu vya Easy vinasogea na miaka, na kile cha Little Scarlet kinamkuta Agosti 1965, moshi wa ghasia za Watts, mtaa wa watu weusi Los Angeles, haujaisha na watu 34 wamekufa. Mwanamke mweusi ameuawa, na askari hawawezi kuingia mtaani kuuliza maswali bila kuwasha moto upya. Safari hii wanaobisha hodi kwa Easy ni polisi wenyewe, na wanampa barua ya mkubwa wao ya kuonyesha kila atakaposimamishwa.